Jina Likae Wapi

Ninyi mliobaki dukani mmeniomba niandike namna nilivyofanya kazi, nami nimechelewa kwa sababu sikujua nianzie wapi kwenye karatasi. Msicheke, ndiyo kazi yenyewe. Tangu nilipoingia pale stesheneri ya Makorora mpaka nilipostaafu juzi, nilikuwa najiuliza jambo moja: maneno yakae juu, katikati au chini? Kuyapeleka kulia na kushoto kila mtu anajua, vitufe vyake viko mbele ya macho. Kuyapandisha na kuyashusha kumefichwa ndani, na wapo watu wanaotumia kompyuta maisha yao yote hawajakuona. Nitawaeleza nilivyojifunza, kisha nitawaeleza habari ya ile kadi ya harusi, ambayo nusura ndoa ya binti wa watu ivunjike kwa sababu ya mahali jina la baba yake lilipokaa. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hazina faida kwenu.

Mimi nilimaliza darasa la saba, basi. Aliyenichukua kazini ni Bi Rehema, mwenye duka, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa taipureta. Alinikalisha kwenye kigoda, akanipa karatasi nyeupe, akaniambia, "Nionyeshe katikati."

Nikaweka kidole.

"Katikati ya nini hapo?"

"Ya karatasi, bibi."

"Usiniite bibi, sijazeeka. Umepimaje?"

"Kwa macho."

Akaichukua karatasi akaikunja mara mbili, akaifungua. Mkunjo ulipita chini ya pale nilipoweka kidole. Nikajua leo narudishwa nyumbani. Yeye akacheka tu.

"Kila mtu anaonyesha juu ya mkunjo," akasema. "Jicho lina katikati yake na rula ina katikati yake. Mteja anakuja na jicho, haji na rula."

Nilirudi nyumbani nikaikunja kila karatasi niliyoikuta, nikawajaribu ndugu zangu mmoja mmoja. Wote walionyesha juu kidogo. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa sayansi aliyekuwa akileta mitihani yake kuchapwa, naye akaniambia hajui, lakini akajaribu palepale na kidole chake kikaangukia juu ya mkunjo kama vya wengine.

Taipureta yenyewe ilikuwa na roli la kuviringishia karatasi, na kila mstari ukipita roli hulia "tik". Kuweka jina la ripoti katikati ya jalada, ulihesabu mistari ya karatasi nzima, ukatoa mistari ya maneno yako, ukagawa kwa mbili, ukaviringisha. Bi Rehema hakuwa akihesabu kwa mdomo. Alikuwa akiongea na mteja habari za ugonjwa wa mama yake, mkono unaviringisha, na sikio lake linasikiliza zile tik. Akifika anasimama. Mimi nikimsemesha mtu tu, hesabu imepotea, naanza upya. Ilinichukua muda mrefu kuwa na sikio hilo, na nilipolipata, taipureta zikaondoka.

Kompyuta ilipokuja tuliipokea kama mgeni asiyejua lugha. Tukaifanyia yaleyale ya taipureta. Tukitaka maneno yashuke, tunabonyeza Enta, tena Enta, tena Enta, mpaka macho yaridhike. Ninyi mlinikuta nimeshaacha, lakini wengi wenu bado mnabonyeza, nawaona. Ubaya wa Enta ni huu: ukibadili ukubwa wa herufi, au ukaongeza mstari mmoja juu, kila kitu kinashuka. Mwanachuo mmoja alileta ripoti yake tuiongezee kichwa cha habari, tukaongeza, tukachapa, na jina la msimamizi wake likaangukia ukurasa wa pili peke yake. Alipoliona akasema, "Afadhali, naye alikuwa ananikimbia hivyohivyo."

Siku niliyogundua njia ya kweli nilikuwa natafuta kitu kingine. Nilitaka kupunguza pambizo za karatasi, nikafungua mpangilio wa ukurasa, nikapotea nikajikuta kwenye kijidirisha cha tatu. Pale palikuwa na kisanduku kidogo kimeandikwa habari ya mpangilio wa wima, na ndani yake neno la "juu". Nikajiuliza, kama kuna juu, basi patakuwepo na mahali pengine. Nikakibonyeza. Yakafunguka manne: juu, katikati, kutanua, chini. Nikachagua katikati nikakubali. Maneno yote yakaruka yakaenda kusimama katikati ya ukurasa, wala hakuna Enta hata moja. Nikadhani nimeharibu.

"Bi Rehema! Njoo uone, yamekimbia."

Akaja na miwani mkononi. Akatazama. Akaniambia niongeze mstari. Nikaongeza, na maneno yakajisogeza yenyewe, nusu yakapanda, nusu yakashuka. Akaniambia nitoe. Nikatoa, yakarudi. Tulicheza hivyo mpaka mteja aliyekuwa amesimama kaunta akauliza kama sisi tunafanya kazi au tunatazama sinema.

Bi Rehema akavaa miwani. "Inahesabu tik," akasema.

Lakini hakuipenda moja kwa moja. Alichapa ukurasa ule akaukunja mara mbili, akaona maneno yamesimama kwenye mkunjo wenyewe sawasawa, kama yalivyopimwa na rula. "Hii haina jicho," akasema. Basi tukawa tunaiacha mashine iweke katikati, kisha tunaongeza pambizo ya chini kidogo, ili maneno yapande yafike mahali jicho linapopataka. Fanyeni hivyo hata leo. Mteja hatajua mmefanya nini, ila ataacha kugeuzageuza karatasi.

Mambo mengine tulijifunza kwa kuumia. La kwanza, ukiweka katikati bila kuangalia, mashine inaweka kurasa zote, sio jalada tu, na ule ukurasa wa mwisho wenye mistari mitatu unakuta mistari imening'inia katikati kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Lazima kwanza ulikate jalada liwe sehemu yake, kisha uiambie mashine ni sehemu hii tu. La pili ni Bismillahi. Matangazo ya khitma na ya msiba huanza na Bismillahi, na Bismillahi hapandiwi na kitu. Ukiweka ukurasa katikati, naye anashuka na wengine, anaacha weupe juu yake. Mzee mmoja alirudisha tangazo zima kwa ajili hiyo, akasema hajui nini kimeandikwa kwenye huo weupe hata kitangulie. Tukagundua kwamba ukimwandika kwenye kichwa cha ukurasa, pale juu ya pambizo, hashuki hata uwafanye nini walio chini yake.

La tatu ni lile neno la kutanua. Hilo lilinisumbua sana. Nililibonyeza mara nyingi na halikufanya kitu. Nikadhani limeharibika. Sikuliacha, kila nikipata nafasi nalirudia, mpaka siku moja nikalibonyeza kwenye kitabu cha kurasa nyingi, nikaona aya zimejitenga zikaujaza ukurasa tangu juu mpaka chini, kila ukurasa, isipokuwa wa mwisho. Kumbe ukurasa wa mwisho haliugusi, na mimi siku zote nilikuwa nikilijaribu kwenye ukurasa mmoja, ambao ndio wa kwanza na ndio wa mwisho. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete. Bi Rehema akaniuliza, "Na litatusaidia nini?" Nikamwambia sijui. Kweli halijatusaidia mpaka leo.

Bi Rehema alifariki kabla ya mfungo wa mwaka jana. Aliugua muda mfupi. Tangazo lake nililiandika mimi, maana wanawe hawakuona mtu mwingine wa kuliandika. Bismillahi nilimweka kwenye kichwa cha ukurasa. Jina lake nililiweka katikati, nikaongeza pambizo ya chini. Nilipomaliza nikageuka nimuulize kama limekaa vizuri au lipande kidogo. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nilifanya kazi baada yake kwa sababu duka lilikuwa na kazi, na mikono ilikuwa inajua.

Kadi yenyewe ilikuja wakati huo.

Aliyeileta ni Bi Thuwaiba wa Nguvumali, shangazi wa bwana harusi, Salim. Ukoo wao ni wa asili ya Omani, watu wa biashara na mashamba, na yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Bibi harusi aliitwa Mwanajuma, na baba yake ni Mzee Mbwana Kombo wa Kigombe. Maharusi wote wawili walikuwa wanafundisha shule moja, wageni wao ni walewale, kwa hiyo wazee walikubaliana itolewe kadi moja ya pande zote mbili. Walikubaliana hilo, hawakukubaliana lingine.

Bi Thuwaiba alikuwa ameandika kwa mkono, jina la kaka yake, baba wa bwana harusi, likitangulia. Juu: familia ya Nassor bin Seif bin Khalfan bin Hemed bin Nassor, na jina la ukoo mwishoni. Chini yake: na familia ya Mbwana Kombo. Kisha mwaliko. Nikaandika nilivyopewa, nikachapa nakala ya kujaribia kwenye karatasi ya kawaida. Kesho yake asubuhi Mzee Mbwana akaingia nayo mkononi, hata salamu hakumaliza kuipokea.

"Hili jina langu nani kaliweka hapa?"

"Ni mimi, mzee, kwa maandishi niliyopewa."

"Limelazwa chini ya la mtu kama mkeka. Mie ndiye ninayeozesha. Mwenye kuozesha ndiye mwenye nyumba. Wapi umeona mgeni kakaa kitandani na mwenye nyumba kakaa sakafuni?"

Nikamwambia naweza kugeuza, la kwake likawa juu. Akasema ndiyo, geuza. Nikageuza. Jioni Bi Thuwaiba akaja na hiyo ya kugeuzwa. Yeye hakupandisha sauti, aliweka karatasi kaunta akailaza vizuri kwa vidole vyake vyote.

"Mama Idi, babu wanne wako chini ya mtu mmoja. Wewe ungekubali?"

Kesho yake akaja Mwanajuma mwenyewe, amevaa sare ya ualimu. Akanishika mkono. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mimi sina la kusema kuhusu kadi, hata ikiandikwa kwa mkaa. Lakini baba ameapa, jina lake likikaa chini ya la baba yake Salim, barua ya posa anairudisha. Na baba akiapa hajui kufungua. Shangazi wa Salim naye amesema likikaa juu hawaji. Tumengojana na Salim tangu tuko chuo. Naomba karatasi isituvunjie ndoa."

"Wewe unataka likae wapi?"

"Popote ambapo hawatalitazama."

Nikamwambia awaambie wote wawili waje dukani pamoja, wakae mbele ya mashine, tumalize. Kwa kweli sikuwa na hakika ya kitu chochote. Nilitaka kujua tu. Tangu siku ya kidole na mkunjo nilikuwa sijawahi kuona watu waliojali sana jambo ambalo mimi nimelijali maisha yangu yote.

Walikuja. Bi Thuwaiba nikampa kiti cha Bi Rehema, maana ndicho pekee chenye mto. Mzee Mbwana alikataa kiti, akasimama nyuma yangu. Nikawaambia tuyaache mambo ya juu na chini, tuweke majina kando kwa kando. Nikachora jedwali la vyumba viwili, nikazifuta kuta zake zisionekane. Chumba cha upande wa kulia nikamwandika Nassor na wazee wake, wakashuka mistari mitano, mmoja kila mstari, jina la ukoo likakaa na wa mwisho. Chumba cha kushoto nikaandika Mbwana Kombo. Mstari mmoja.

Hapo ndipo penye kazi. Vyumba viwili vya urefu mmoja, kimoja kimejaa, kingine kina mstari mmoja unaoelea. Na chumba cha jedwali nacho kina juu yake, katikati yake na chini yake, kama ukurasa.

Nikaanza na katikati, kwa mazoea. Nikachapa. Bi Thuwaiba akaichukua akapitisha kidole kutoka jina la kushoto kwenda kulia.

"Huyu amelingana na nani?"

Tukatazama. Mbwana Kombo alikuwa sawa na mstari wa tatu, bin Khalfan.

"Na Khalfan," nikasema.

"Khalfan ni babu yetu. Sasa Mzee Mbwana amekuwa mkubwa wa kaka yangu?"

"Nami namuona kama mtoto," Mzee Mbwana akasema kutoka nyuma. "Kakaa katikati ya watu wazima, wawili juu, wawili chini, wamemzingira. Kafanya kosa gani?"

Nikashusha chini. Mbwana Kombo akalingana na jina la ukoo. Mzee Mbwana akacheka kicheko kikavu. "Sasa n'shakuwa Mmanga wa Omani. Hebu nitoe huko."

Nikapandisha juu. Hapo Mbwana Kombo akalingana na Nassor, baba kwa baba, mstari mmoja. Nikasema moyoni, imekwisha. Bi Thuwaiba mwenyewe akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni haki. Nikaichapa nikampa Mzee Mbwana.

Aliishika muda mrefu. Akaweka kiganja chake kwenye ule weupe ulio chini ya jina lake.

"Na hapa?"

"Hapa hapana kitu, mzee."

"Ndivyo watakavyosoma. Upande ule watu, upande huu hapana kitu. Watasema Mwanajuma kaokotwa."

"Basi, babangu, tia wazee wako," Bi Thuwaiba akasema. "Nani kakukataza? Tia hata kumi."

"Mie wazee ninao. Lakini wamelala Kigombe, na siwatoi makaburini niwagawe kwa wageni. Kadi ya harusi mwisho wake unaujua? Watu wakishakula pilau wanapangusia mikono. Kesho yake inafungiwa bagia."

"Astaghfirullahi! Nani afungie bagia kadi ya harusi? Mzee Mbwana, na wewe!"

"Utaniambia."

"Watu wanaweka kadi kwenye albamu!"

"Watu gani? Wewe yangu utaiweka kwenye albamu?"

Bi Thuwaiba akajipepea na nakala mojawapo, akasema kichwa kinamuuma, hajala tangu asubuhi, na akanitolea pesa niwaagizie chochote. Barazani kwetu, kama mjuavyo, kuna Mama Shani anayekaanga. Nikamwita kupitia dirishani alete bagia na chatini. Akaleta mafungu matatu, moja kwa kila mtu, moto, mafuta yanatoka.

Mimi nilikuwa narudi kwenye mashine. Nikageuka kuchukua fungu langu. Bi Thuwaiba alikuwa amelishika fungu lake kwa mikono miwili, hajalifungua. Karatasi ilikuwa nyeupe, yenye maandishi upande wa nje. Mafuta yalikuwa yamekwisha kupita, na maandishi yakawa yanasomeka vizuri zaidi kuliko yalipokuwa makavu. Bin Khalfan bin Hemed.

Ilikuwa ile nakala ya kwanza kabisa, aliyoiacha Mzee Mbwana kaunta. Karatasi zilizoharibika tunazitia kwenye boksi la nyuma ya mlango, na Mama Shani huzichukua. Bi Rehema ndiye aliyempa ruhusa hiyo, siku nyingi, na hakuna aliyewahi kufikiria nini kimeandikwa juu yake.

Nilitaka kusema kitu. Mama Shani akatangulia. "Chatini imekuwa kali?" akauliza dirishani.

Mzee Mbwana angeweza kusema neno pale. Mimi ningekuwa ni yeye ningesema. Yeye alitoa leso mfukoni, safi, imekunjwa, akaitandika kaunta. Akachukua bagia za Bi Thuwaiba akaziweka kwenye leso moja moja. Karatasi akaikunja, maandishi yakaelekea ndani, akamrudishia mwenyewe.

"Mchukue mzee wako," akamwambia taratibu. "Sikutaka iwe hivi."

Bi Thuwaiba akaitia mkobani, na mafuta yake. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Mama Idi, wafute. Mwache kaka yangu na jina la baba yake. Nassor Seif. Kama Mzee alivyo."

"Na jina la ukoo?"

"Hata hilo. Wanaotujua wanatujua."

Nikafuta. Ikabaki Mbwana Kombo kushoto na Nassor Seif kulia, mstari mmoja kwa mmoja. Nikajaribu juu, nikajaribu katikati, nikajaribu chini, kwa udadisi wangu tu, na hakuna kilichosogea hata kidogo, kwa sababu vyumba vyote viwili vilikuwa na urefu wa maneno yake. Lakini kadi sasa ilikuwa na maneno machache, yote yamejikusanya juu. Nikafungua mpangilio wa ukurasa, nikaweka katikati, nikaongeza pambizo ya chini. Ikapanda kidogo. Niliichapa nikawapa, wakaishika wote wawili, huku na huku, wala hakuna aliyeigeuzageuza.

"Hii," akasema Mzee Mbwana.

"Hii," akasema Bi Thuwaiba. Kisha akasema, "Na zile zilizoharibika zote nipe mimi."

Tukala bagia kwenye leso.

Mzee Mbwana alirudi peke yake kuchukua kadi za upande wake. Nilishazifunga kwa kamba. Akazipima mkononi, akaziweka, na safari hii kiti alikubali.

"Sasa niandikie andiko jengine. La karatasi moja tu, nzuri, ngumu. Silo la wageni."

"La nani?"

"La Mwanajuma. La kutia sandukuni mwake. Kule aendako watu wanajua babu zao mpaka mwisho. Siku wakianza kutajana, naye awe na la kusema. Lakini asome yeye na watakaokuwa wake, basi."

Akaanza kutaja. Alitaja macho yake yako mlangoni, polepole, ili nimfuate. Mbwana wa Kombo. Kombo wa Shehe. Shehe wa Mbwana. Na kila mmoja akamtaja na mama yake, kwa maana alisema kwao mtu hakuzaliwa na baba peke yake: Mwamtoro, Mwanasiti, Mwanakombo, na mmoja ambaye jina lake alilisahau akanyamaza mpaka likarudi. Pengine alisimama akacheka kwa jambo alilokumbuka, hakuniambia. Mimi niliandika. Nilikuwa nimeandika majina ya wafu wengi katika kazi yangu, lakini yalikuja kwangu yameshaandikwa na watu wenye haraka. Haya yalikuja kutoka mdomoni, na niliona namna mtu anavyomshika kila mmoja kabla ya kumwachia.

Alipomaliza nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mteja. "Nikuwekee juu, katikati au chini?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa habari ya shamba.

"Chini kabisa."

"Juu pote pawe peupe?"

"Paache. Ataandika mwenyewe kwa kalamu. Hapo juu pana watu hawajazaliwa."

Nikafungua mpangilio wa ukurasa nikachagua chini. Majina yakashuka yote kwa pamoja, yakakaa kwenye sakafu ya karatasi. Nikatia karatasi ngumu, nikachapa. Printa yetu mnaijua, inatoa karatasi taratibu, kichwa kwanza. Ikatoka nyeupe. Ikaendelea kutoka, nyeupe, nyeupe. Mzee Mbwana akainuka kitini akasogea.

"Mbona haina kitu?"

"Subiri, mzee," nikamwambia. "Wanakuja."